Kulala hoteli kubwa ya mjini ughaibuni: maswali tunayoulizwa kila mara na watu wa Arusha na Moshi

Kila mwaka ni yale yale. Februari ikiisha, watu wa kampuni za utalii wa Arusha na Moshi wanafunga mabegi kwenda maonyesho ya utalii ya ITB kule Berlin, ambayo hufanyika Machi. Novemba wanafunga tena kwenda maonyesho mengine ya utalii, WTM ya London. Katikati hapo kuna wanaokwenda Dubai kwa biashara, wazazi wanaokwenda kwenye mahafali ya mtoto, na wafanyakazi wanaotumwa mkutanoni. Wote wananipigia simu, na maswali hayabadiliki.

Nilikaa mapokezi ya hoteli hapa Arusha kwa miaka saba kabla sijahamia ofisi ya kupanga safari, kwa hiyo ile kaunta naijua pande zote mbili. Kinachonishangaza ni kimoja: sisi ambao kupokea wageni ndiyo kazi yetu, tukigeuka wageni tunaona aibu kuuliza. Aibu hiyo huja kuonekana kwenye bili.

## Kabla ya kupanda ndege

Nyota tano za kule ni sawa na nyota tano za hapa?

Hapana, na hata za kule zenyewe hazifanani. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachogawa nyota. Hapa kwetu hoteli hupangwa kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ujerumani na nchi kadhaa za Ulaya zina utaratibu wao wa pamoja, na Marekani serikali haigawi nyota kabisa. "Nyota saba" ni lugha ya matangazo. Daraja hilo halipo rasmi popote.

Kinachowashtua watu wetu zaidi ni ukubwa wa chumba. Mtu aliyezoea hoteli za Usa River, zenye bustani na vyumba vipana hata vya kuchezea mpira, akifika hoteli ya nyota nne katikati ya London anakuta analazimika kufungua begi juu ya kitanda, maana sakafuni halienei. Hujaibiwa. Unalipia kuwa hatua mia mbili kutoka kituo cha treni.

Dabo na twini vina tofauti gani?

Dabo ni kitanda kimoja cha watu wawili, twini ni vitanda viwili. Ukisafiri na mfanyakazi mwenzako na ofisi inabana matumizi, andika twini na uthibitishe kwa barua pepe, kwa sababu kwenye tovuti nyingi chaguo hilo hubaki "ombi" tu. Ujerumani wana la ziada: dabo yao mara nyingi ni magodoro mawili ndani ya fremu moja, kila mtu na duveti lake. Wanandoa hulalamika kuhusu ule ufa wa katikati. Wafanyakazi wenza huushukuru.

Ubalozi unataka uthibitisho wa hoteli. Nilipe kabisa kabla sijapata viza?

Usilipe kabisa. Chukua chumba kinachoweza kufutwa bila gharama mpaka siku chache kabla ya kufika. Bei yake huwa juu kidogo, lakini viza ikikataliwa hutapoteza kitu zaidi ya ada ya viza yenyewe, ambayo kwa Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Kumbuka pia bima ya safari: Schengen wanataka yenye kinga ya angalau euro 30,000.

Kuna ujanja unaozunguka mjini: kubuku hoteli nzuri, kupata viza, kisha kuifuta na kwenda kulala kwa binamu. Mipango inaweza kubadilika, sawa, lakini afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unalala wapi leo. Uwe na jibu la kweli, na anwani.

Niandike majina gani?

Yale ya kwenye pasipoti, kwa mpangilio wa pasipoti. Sisi tuna majina matatu na tunajuana kwa la kwanza, au kwa Mama Fulani. Kompyuta ya hoteli inatafuta kwa jina la ukoo. Mara nyingi mno mtu anaambiwa hana chumba, kumbe kipo, kimeandikwa kwa jina la baba yake. Ukiambiwa hivyo usihamaki: toa namba ya uthibitisho, na uwaombe wajaribu majina yote matatu, moja baada ya jingine.

Kifungua kinywa kimo kwenye bei?

Usidhanie. Hapa kwetu tumezoea "kitanda na chai" kuwa kitu kimoja, lakini hoteli kubwa za mjini kule hutenganisha mara nyingi, na bufee ya asubuhi peke yake inaweza kukugharimu kuliko chakula cha mchana mtaani. Soma uthibitisho wako. Kama hakimo, duka la mikate lililo nje ya mlango litakutoshea.

## Pesa kwenye kadi

Ofisi imeshalipa chumba chote. Kwa nini wameshika pesa yangu?

Hili ndilo swali namba moja, na ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko viza. Kulipia chumba ni jambo moja, amana ni jingine. Ukifika, mapokezi wanapitisha kadi yako kwenye mashine na kuiomba benki ifunge kiasi fulani kwa ajili ya vitu utakavyotumia: friji ya chumbani, simu, chakula, au uharibifu. Bado hawajachukua pesa. Wameifunga tu, iko kwenye akaunti yako lakini huwezi kuigusa.

Mwenye kadi ya mkopo hahisi kitu, kwa sababu kinachofungwa ni sehemu ya deni ambalo hajalikopa. Sisi wengi tuna kadi ya akaunti ya kawaida, ile ya mshahara, kwa hiyo kinachofungwa ni pesa zetu halisi. Chukua mfano: unalala usiku 4, hoteli inafunga euro 50 kwa kila usiku, na wewe ulikuja na euro 350 kwenye akaunti. Mpaka utakapoondoka una euro 150 za kula, za treni na za zawadi za watoto.

Yamenikuta mwenyewe. Jioni ya kwanza kwenye jiji moja la Ulaya nilisimama dukani na kikapu chenye mkate, ndizi na chupa ya maji. Mashine ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena, foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Nikarudisha ndizi, kisha mkate, nikalipia maji kwa sarafu. Nilikuwa na pesa, ila zilikuwa zimelala mapokezi. Na kosa lilikuwa langu: yule dada wa kaunta alinitajia kiasi, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kwa hiyo, kabla hujasafiri waandikie uulize: amana ni kiasi gani, ni kwa usiku au kwa safari nzima, na je, inapokelewa kwa pesa taslimu? Ofisi ikikulipia, iombe iandike pia kwamba itabeba gharama za ziada. Hoteli nyingi zikipata barua hiyo, na kadi ya ofisi, hupunguza amana au huiacha kabisa.

Itarudi lini?

Hoteli huifungua siku unayoondoka, au inapaswa kufanya hivyo. Kinachochelewa ni safari kati ya benki na benki. Kwa kadi za akaunti za huku kwetu mimi huwaambia watu wahesabu wiki moja hadi mbili, na wasishtuke ikizidi. Ukitoka, omba bili ya mwisho iliyochapishwa hata kama ni sifuri. Ikipita wiki tatu kimya, hiyo karatasi ndiyo utakayoipeleka benki.

Naweza kulipa kwa pesa taslimu au kwa simu?

Shilingi yetu usiihesabu. Ukishatoka uwanja wa ndege wa KIA haina kazi mpaka urudi. Euro, pauni au dirhamu taslimu, baadhi ya hoteli zinapokea na baadhi hazigusi noti kabisa. Hata zinazopokea hutaka kadi ya kushikia amana, au amana kubwa zaidi ya taslimu. Kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia simu zinafaa kubuku. Mapokezi wengi hutaka kadi ya plastiki yenye jina linalofanana na la pasipoti.

Kabla ya kuondoka nenda kwenye tawi la benki yako uwaambie unasafiri nchi gani na tarehe gani. Kadi zetu nyingi huwa zimefungiwa matumizi ya nje au zina kikomo kidogo cha siku. Kufungua ni dakika kumi ukiwa pale Mnara wa Saa, katikati ya Arusha. Ukiwa Frankfurt saa sita usiku ni hadithi nyingine.

Mashine inaniuliza nilipe kwa sarafu ya kwangu au ya kwao. Nichague ipi?

Ya kwao, daima. Ukichagua ya kwako, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na hajipangii hasara.

Hii "kodi ya jiji" kwenye bili ni nini? Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Miji mingi hutoza wageni wanaolala, na mara nyingi kodi hiyo haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Berlin ni asilimia 7.5 ya bei ya chumba tangu Januari 2025, na wasafiri wa kikazi, waliokuwa wamesamehewa, wanalipa tangu Aprili 2024. Watu wa ITB waliozoea zamani hugombana na mapokezi bure. Amsterdam ni asilimia 12.5. Dubai wanatoza dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kulingana na daraja la hoteli. Paris ni kwa kichwa kwa usiku. Iweke kwenye bajeti ya ofisi mapema, ukiomba kurudishiwa baadaye mhasibu atakusumbua.

## Kufika

Ndege yangu inatua asubuhi mapema. Nitapewa chumba hapo hapo?

Huenda ukapewa, lakini huna haki nacho. Hoteli nyingi hutoa vyumba kuanzia saa 14:00 au 15:00, na ndege za usiku kutoka huku hutua Ulaya watu wakiwa bado wanakunywa chai. Usiku uliolipia unaanza mchana ule.

Hapa kuna mtego wa saa. Mzee mmoja wa Machame, aliyekwenda kwenye mahafali ya bintiye, aliona kwenye karatasi "3 PM" akasoma saa tatu. Saa tatu asubuhi yetu akawa amesimama kaunta, koti mkononi, akiuliza kwa nini wanamvunjia ahadi. Walikuwa na adabu, naye alikuwa na adabu, na hakuna aliyemwelewa mwenzake kwa nusu saa nzima. Fanya hivi: geuza kila kitu kuwa saa 24, kisha toa sita. 15:00 ni saa tisa mchana, 11:00 ya kutoka ni saa tano asubuhi.

Ukifika mapema, acha mizigo mapokezi (huwa ni bure), uliza kama kuna mahali pa kuoga (hoteli zenye bwawa au jimu mara nyingi wanakuruhusu bafu la huko), kisha katembee. Kama umekuja na mzee au mtoto, au una mkutano asubuhi ile ile, lipia na usiku uliotangulia. Ni ghali, ila utakikuta kitanda.

Ndege imechelewa, nitafika kesho yake. Chumba kitanisubiri?

Kitakusubiri ukipiga simu. Usipofika bila taarifa, hoteli nyingi hukutoza usiku wa kwanza na kufuta usiku wote uliobaki, si ule mmoja tu. Watu hawaamini mpaka yawakute. Tuma barua pepe na pia piga simu ukiwa bado Addis au Doha, na uandike jina la aliyekujibu.

Kwa nini wananakili pasipoti yangu? Na nijaze fomu ya nini?

Kwa sababu ile ile iliyotufanya na sisi tuwe na kitabu cha wageni. Sheria za nchi nyingi zinataka hoteli iandikishe wageni, na Ujerumani mgeni wa nje bado anatakiwa kutia saini fomu. Wanakili, wakurudishie. Kuiacha pasipoti kaunta usiku kucha si lazima, iombe.

Lifti imegoma kwenda kwenye ghorofa yangu.

Gusisha kadi ya chumba kwenye kijisahani kilicho karibu na vitufe, ndipo ubonyeze. Ukitafuta njia ya kutoka, Ujerumani ghorofa ya chini ni E au 0. Marekani ni 1. Usibonyeze 1 Berlin ukategemea kuona barabara.

## Chumbani

Taa haziwaki. Umeme umekatika?

Haujakatika, Tanesco hawahusiki. Ingiza kadi ya mlango kwenye kijisanduku kilicho ukutani karibu na mlango na uiache humo. Ukiitoa, kila kitu kinazimika, pamoja na simu uliyoiacha kwenye chaja.

Bafuni hakuna ndoo wala kopo. Nitaogaje, na nitajisafishaje?

Naomba tuzungumze wazi, maana hili watu huniuliza kwa kunong'ona.

Kwanza kuoga. Bafu za huku kwetu sakafu yote ina mteremko na shimo la maji. Ukimwaga, maji yanaondoka. Bafu nyingi za hoteli za Ulaya na Marekani shimo liko ndani ya beseni au kibanda cha shawa peke yake. Maji yakitoka nje ya hapo hayana pa kwenda ila chini ya mlango, kwenye zulia, na hatimaye kwenye dari ya chumba cha chini. Kama kuna pazia, upindo wake uuingize NDANI ya beseni kabla ya kufungua maji. Kitaulo kizito kilichokunjwa pembeni ni cha kutandika chini ukanyage ukitoka, si cha kujifutia uso. Mwenzangu mmoja wa Moshi aliacha pazia nje usiku wa kwanza. Alikuwa bado anaimba simu ilipolia: mgeni wa chini alikuwa na dimbwi.

Pili, choo. Hoteli za Dubai na Istanbul kwa kawaida zina kimpira cha maji au bomba dogo ndani ya choo. Berlin, London na New York usitegemee. Ni karatasi tu. Beba chupa laini ya plastiki ya nusu lita, au kopo dogo linalokunjika. Hakuna atakayekuuliza, na wahudumu wa vyumba wameona mengi kuliko chupa.

Kitanda hakina chandarua wala blanketi.

Chandarua hakipo kwa sababu hakihitajiki. Blanketi ni lile duveti. Linafunikwa jinsi lilivyo, hakuna shuka ya kujifunika chini yake. Ukisikia baridi, kwanza tafuta kidude cha joto ukutani, kisha piga simu mapokezi uombe blanketi la ziada. Ni bure. Koti ulilolichagua kwenye mitumba ya Kiborloni ni la barabarani. Ukilala nalo utaamka umelowa jasho, vyumba vile vina joto la kuoteshea miche. Na dirisha kwenye majengo marefu mengi halifunguki, kwa hiyo usihangaike na kitasa.

Chaja yangu itaingia ukutani?

Uingereza na Dubai plagi ni ile ile yetu ya miguu mitatu ya mraba. Ulaya bara ni miguu miwili ya duara, Marekani ni miwili bapa na umeme ni volti 120 badala ya 230 zetu. Simu na kompyuta hazina shida na hilo, zinahitaji adapta tu. Pasi ya nywele ya volti 230 ukiichomeka Marekani itapata uvuguvugu na kuishia hapo.

Vitu vya kwenye friji ni vya bure?

Maji yenye kikadi cha kukukaribisha juu ya meza, ndiyo. Vya ndani ya friji, hapana, na bei yake ni mara tatu au nne ya duka la kona. Baadhi ya friji zina vihisio: ukiinua chupa kuangalia bei kwa muda kidogo, inajiandika kwenye bili. Basi usiitumie friji hiyo kuhifadhi embe zako kwa kusogeza soda pembeni. Ukikuta umetozwa ambacho hukunywa, sema hapo hapo kaunta. Huwa wanakifuta bila ubishi, kwa sababu wanajua tabia ya mashine yao.

Naweza kufua nguo chumbani? Kupika je?

Vinguo vidogo fua kwenye sinki uanike bafuni. Huduma ya kufua hutozwa kwa nguo moja moja, na mashati matano yanaweza kukugharimu kama shati jipya.

Kupika, hapana. Najua watu wanaobeba unga na jiko dogo la umeme. Kihisi cha moshi darini hakitofautishi ugali na moto, wala udi na moto. Kikilia, hoteli nzima inashuka ngazi na wewe unapelekewa bili. Ukitaka kusonga, tafuta hoteli za vyumba vyenye jiko. Zipo kwenye miji mikubwa karibu yote, na kwa wiki nzima huwa nafuu. Ila nyama na vyakula vya maziwa viache Moshi: Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuviingiza kutoka nje, hata kama mama ndiye aliyekufungia.

Kibla nitakijuaje?

Dubai na Doha tafuta mshale darini au ndani ya droo. Kwingine tumia simu. Mkeka wa kuswalia hoteli nyingi kubwa wanao, omba mapokezi.

## Kula na kunywa

Nitajuaje kama kuna nguruwe?

Uliza, usikisie kwa macho. Kwenye bufee ya Ujerumani soseji nyingi na zile nyama baridi zilizokatwa nyembamba ni za nguruwe, na hata mayai yaliyovurugwa yanaweza kuwa yamechanganywa na vipande vyake. Mpishi anayekaanga mayai mbele yako ndiye wa kumuuliza. Ukiwa na mzio wa karanga au samaki, mwambie huyo huyo.

Nimeagiza maji, yameletwa yanachoma ulimi.

Ujerumani ukisema maji tu, huenda ukaletewa yenye gesi. Sema "still". Na hayo ya chupa mezani ni ya kulipia. Ya bomba Berlin na London ni salama kunywa, jaza chupa yako chumbani. Najua mkono unasita. Wangu ulisita siku mbili.

Naweza kufunga mikate ya bufee niende nayo?

Tunda moja mkononi hakuna atakayekutazama. Kufungasha cha mchana kwenye leso, hapana. Ukiondoka alfajiri kabla bufee haijafunguliwa, waambie jioni. Hoteli nyingi hukuandalia kifurushi, sawasawa na sisi tunavyowafungia wageni wanaowahi Ngorongoro.

## Watu

Tipu ni kiasi gani?

Hapa watu wa safari hatuna kisingizio, tunajua tipu inalipa ada ya shule ya nani. Marekani ni karibu lazima: mgahawani asilimia 18 hadi 20, mbeba mizigo dola 2 kwa begi, na mhudumu wa chumba dola 2 hadi 5 kwa usiku, ziache juu ya mto wa kitandani kila asubuhi maana kesho anaweza kuja mwingine. London angalia bili kwanza. Mara nyingi wameshaongeza asilimia 12.5, na ukishailipa hiyo huna deni jingine. Ujerumani zungusha juu, asilimia 5 hadi 10, umtajie mhudumu jumla unayotaka akate badala ya kuacha sarafu mezani. Japani usitoe, utamtia mtu kazi ya kukukimbilia barabarani akurudishie.

Ndugu yangu anaishi mji huo. Anaweza kuja kulala chumbani?

Kukaa naye ukumbini, kula naye, karibu kote ni sawa. Kulala ni lazima aandikishwe, na chumba cha mtu mmoja kina bei ya mtu mmoja. Kumpitisha kimya kimya ni kujitafutia aibu, na moto ukitokea hakuna anayejua kuwa yumo ndani.

Kijana wa mapokezi kaniita kwa jina langu la kwanza. Hana adabu?

Kafundishwa hivyo. Shikamoo hana, lakini akikuinukia na kukutazama usoni, ameshakuamkia kwa desturi ya kwao.

## Yasiyo ya kawaida

Nimefika na vocha mkononi, wanasema hoteli imejaa.

Hutokea, hasa wiki za maonyesho, kwa sababu hoteli huuza vyumba kuzidi vilivyopo zikitegemea wasiofika. Tulifanya hivyo hivyo Arusha mwezi wa Agosti, sitaficha. Desturi ya kazi hii ni kwamba wao ndio wanaokutafutia hoteli ya hadhi ile ile, wanailipia, na wanakupa teksi. Usiondoke kaunta mpaka hayo matatu yawe kwenye karatasi. Usikubali "jaribu ile ya ng'ambo ya barabara".

Kengele ya moto imelia saa nane usiku.

Vaa viatu na koti, chukua pasipoti na kadi ya mlango, shuka kwa ngazi. Lifti usiiguse. Mara nyingi ni mtu aliyevuta sigara bafuni, lakini huwezi kujua ukiwa ghorofa ya tisa.

Nimesharudi nyumbani, naona wamekata pesa nyingine.

Linganisha kwanza na bili ya mwisho (ona swali la amana kurudi lini). Huenda ni amana ile ile inayoonekana mara mbili kwa muda. Kama sivyo, andika kwa hoteli ukitaja namba ya chumba, tarehe na kiasi, uwaombe wakuonyeshe risiti ya hicho walichotoza. Wasipojibu ndani ya wiki, peleka vyote benki ufungue pingamizi la malipo. Usingoje miezi, pingamizi lina muda wake.

Chumba kina kelele. Nilalamike kwa nani?

Kaunta, usiku huo huo. Nilipokuwa mapokezi, Mzungu akipewa chumba kilicho juu ya jenereta alikuwa chini ndani ya dakika tano. Mtanzania alikuwa analala humo siku nne, kisha anatuandikia malalamiko akiwa kwao, wakati hatuna tena cha kumfanyia zaidi ya pole. Mimi mwenyewe, pamoja na kuyajua yote haya, nimewahi kulala nikisikiliza lifti ikipanda na kushuka usiku mzima nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Asubuhi ya pili nikashuka, nikaeleza. Dada wa kaunta hakuuliza hata swali moja. Alibonyeza kompyuta, akanipa kadi nyingine, akasema samahani, chumba hicho kilikuwa wazi tangu jana.

Nimesahau kitu chumbani.

Wanatunza, kwa kawaida miezi kadhaa. Andika upesi, eleza kitu chenyewe na kilipokuwa. Kukituma mpaka Arusha ni gharama yako na mara nyingi inazidi bei ya kitu. Njia yetu ni rahisi zaidi: uliza nani anafuata kwenda huko. Kitenge cha dada mmoja wa Njiro kilibaki Berlin Machi yote na Aprili, kimekunjwa kwenye mfuko wa karatasi wenye namba ya chumba, mpaka mtu wa kampuni shindani alipopita kukichukua.